Aliyebaki Kitini

Jumanne hiyo asubuhi Phanice alikuwa amempiga picha ya pasipoti mwalimu mmoja wa Nyakoe, akampiga na mtoto mchanga aliyekataa kufumbua macho, na sasa alikuwa akipangusa kiti cha studio kwa kitambaa chenye unyevu. Ndipo aliposikia viatu vya Duke kwenye ngazi. Studio iko Keumbu, ghorofani juu ya duka la mbolea, na dirisha lake linatazama barabara ya Kisii. Ilikuwa ya baba yake, Sylvanus, na kabla ya simu kuanza kupiga picha ilikuwa na foleni ya maharusi hadi chini barabarani. Siku hizi watu huja kwa pasipoti, kwa picha za kuhitimu, na kwa marehemu wanaokatwa kutoka kwenye picha za watu wengi ili wakae peke yao kwenye kitabu cha mazishi. Wateja wa kudumu ni waigizaji.

Kikundi cha Duke huzunguka shule za sekondari za Kisii na Nyamira kikiigiza tamthilia ambazo wanafunzi watatahiniwa kwazo. Kila mchezo unataka bango, na bango linataka sura. Duke husema picha ya simu humfanya mwigizaji aonekane kama mtu aliyepotea na anatafutwa na jamaa zake. Kwa hiyo huwaleta kwa Phanice, wakiwa wamevalia na kupakwa, na Phanice huwakalisha mbele ya pazia la kijivu, akawasha taa ya mwavuli mweupe, akawapiga jinsi baba yake alivyomfundisha: bega moja mbele, kidevu chini, macho yakitazama kitu kilicho mbali kidogo na kamera.

Mwigizaji akipigwa picha pale akiwa katika mavazi ya mhusika wake, husimama akaenda zake, na mhusika hubaki amekaa. Jambo hili lilianza enzi za Sylvanus na hakuna aliyewahi kulichunguza sana. Wahusika hukaa studioni kwa muda, husaidia hapa na pale, na msimu wa mchezo ukiisha huondoka bila kuaga. Mwaka juzi palikuwa na hakimu aliyewaamulia majirani wawili kesi ya mpaka, na uamuzi wake ungali unafuatwa. Aliyemwigiza, fundi wa baiskeli aitwaye Ombati, alishuka ngazi kidevu kikiwa safi. Ndevu za gundi zilibaki na hakimu, kama ambavyo rangi, mvi za unga na makovu ya bandia hubaki daima na mhusika. Waigizaji hulipenda jambo hilo kwa sababu linawapunguzia kazi ya kunawa.

"Bwakire, Mama Purity," Duke alimwamkia Phanice akiingia. "Nimekuletea nyota."

Nyuma yake alikuwa Emily, fundi cherehani anayeshona sare za shule pale sokoni, ambaye kwa misimu kadhaa sasa ndiye mwanamke mkuu katika kila mchezo wa Duke. Alivaa gauni la Zakia, mke wa karani katika tamthilia ya mwaka ule. Zakia hupigwa na mumewe katika onyesho la pili, na katika onyesho la nne mumewe hutubu. Jicho la kushoto la Emily lilikuwa limevimba hadi likafumba nusu. Chini yake palikuwa na zambarau iliyoanza kugeuka kijani kuelekea shavuni, na pembeni mwa mdomo palikuwa na mpasuko mdogo uliokuwa ukikauka.

"Hebu ona hiyo kazi," Duke alisema. "Amejipaka mwenyewe nyumbani. Mimi nilikuwa nimeenda Kisii kutafuta rangi, kumbe hata haina haja."

"Umetumia nini?" Phanice aliuliza.

"Vitu vya nyumbani tu," Emily alisema, akakaa.

Phanice alimwambia ageuze shingo kidogo kuelekea dirishani. Emily aligeuza mwili mzima, shingo ikabaki palepale. Phanice aliona ni ustadi, akapiga. Akapiga tena taa ikiwa chini zaidi. Emily akashukuru, akasimama, akajifunga kitambaa kichwani, na Zakia akabaki kitini, mikono mapajani. Duke alimsalimia Zakia kwa mkono kama anavyowasalimia wote, akamwambia ajisikie yuko nyumbani, kisha yeye na Emily wakashuka.

Phanice alimimina chai, akageuka kumpa mgeni wake kikombe. Uso wa Zakia ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Macho yote mawili yalikuwa wazi. Mdomo ulikuwa mzima.

Akaenda dirishani. Emily alikuwa kando ya barabara karibu na wauza ndizi, akingoja magari yapite, na kwa mkono mmoja alikuwa akikivuta kitambaa mbele kufunika paji la uso. Jicho lake lilikuwa vilevile. Phanice alishusha pazia la dirisha, ingawa jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

"Shikamoo, mama," Zakia alisema nyuma yake. Alizungumza Kiswahili cha kitabuni, kilichonyooka kila mahali.

"Marahaba," Phanice alijibu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu shuleni. "Mbona usoni huna kitu?"

"Sijapigwa bado. Nafika onyesho la pili ndipo nipigwe, na kwanza hupakwa rangi. Huyu aliyenileta hakuwa na rangi yangu. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa yake."

"Na mume wako?"

"Hutubu katika onyesho la nne. Hupiga magoti, akasema maneno marefu, na watazamaji hulia."

"Na wewe?"

"Mimi humsamehe. Nimeandikiwa hivyo."

Phanice alikunywa chai yake, na alipoimaliza akakunywa na ile ya Zakia, maana wahusika hawanywi.

Emily alirudi kuchukua picha mwisho wa wiki. Phanice alikuwa ameweka pamba na mafuta juu ya meza. Alimkalisha kwenye benchi, si kwenye kile kiti, akamwambia, "Ngoja nikutoe hiyo rangi." Akachovya pamba, akaanza kufuta chini ya jicho, polepole kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya zamani. Pamba ilibaki nyeupe. Phanice aligeuza pamba upande wa pili, akafuta tena, kisha akaacha mkono wake palepale shavuni.

"Ni rangi nzuri," Emily alisema. "Haitoki."

"Emily, rangi hubaki na mhusika. Zakia huyo, umuone. Hana kitu."

Emily alimtazama Zakia, aliyekuwa kwenye kona akimenya ndizi za mchana. Zakia akainamisha kichwa kumsalimu.

"Basi umejua," Emily alisema. "Ni kila tukipata mwaliko wa shule. Anasema akiwaza niko jukwaani na mume mwingine, damu inampanda. Nikamwambia, Haron, hiyo ni mchezo. Akasema basi hata hii ni mchezo."

"Kwa nini usiache kuigiza?"

"Nikiacha atapata kitu kingine. Na kule, Mama Purity, angalau watu wanaona."

Haron, mume wa Emily, ni mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya. Penye msiba hufika kabla ya wengine, jembe begani. Mvua ya mawe ilipolitoboa paa la studio, yeye ndiye aliyepanda kuliziba, akakataa hata soda. Hakuna mtu Keumbu ambaye hajawahi kushikwa mkono na Haron kwa mikono miwili.

"Usiende kusema kanisani," Emily aliomba.

"Kanisani sitasema," Phanice alijibu, na hilo alilitimiza.

Alianza na Duke. Alimwita studioni, akamweka mbele ya Zakia na kumshikisha ile picha. Duke aliutazama uso, akaitazama picha, akaurudia uso. Ni mtu mwepesi wa kuelewa. Kazi yake ni kuona.

"Nilidhani ni mapodozi," alisema.

"Ulidhani?"

Duke alivitazama viatu vyake. "Mama Purity, shule zinanipigia simu mpaka za Ikonge. Walimu wanasema hawajawahi kuona kitu cha kweli namna ile, wasichana wanalia ukumbi mzima. Niache msimu uishe. Ukiisha nitamkalisha Haron chini, mimi na yeye, kama wanaume." Akaondoka na mabango yake chini ya kwapa.

Phanice akaenda kituo cha polisi, Zakia akifuatana naye. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema malalamiko kama hayo lazima aje mwenyewe aliyepigwa. Zakia akajitolea kuandikisha taarifa, kwa kuwa kesi ya onyesho la pili ni yake kwa haki zote, na akaanza kuieleza vizuri, bila kuruka hata neno. Lakini hakuwa na kitambulisho wala alama mwilini. Askari alisikitika kwa dhati. Aliwatolea viti wakae hadi mvua ipungue.

Jumapili walikwenda Kebirigo kwa mama yake Emily, Mokeira. Walimkuta kwenye majani chai, kikapu mgongoni.

"Baba, tumekuja," Phanice aliita.

Zakia aligeuka huku na huku akimtafuta mwanamume. Phanice alimweleza kwamba huku mama ndiye anayeitwa baba. Zakia alilipokea hilo bila taabu. Katika michezo watu huitwa majina ya ajabu zaidi.

Mokeira aliwakaribisha ndani, akamtazama Zakia kwa muda. "Huyu ni wa nani?"

"Ni wa mchezo. Emily alimwacha kwangu."

Phanice alitoa picha. Mokeira aliipangusa kwa aproni kabla ya kuitazama, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akamshika Zakia kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta dosari kwenye kibuyu. Hakuiona. Akarudisha picha kwenye bahasha.

"Mimi yangu ilikuwa mkono," alisema, akauinua mkono wa kulia. Kiwiko kiligoma kunyooka. "Sasa mzee ni mpole. Alipata sukari, nguvu ikaisha. Mambo inaisha, Phanice."

"Na huyu asipozeeka haraka?"

Mokeira alisogeza kuni mbele, akaweka sufuria. "Ng'ombe ya mahari ya Haron ndiyo ilioa bibi ya Nyamongo, ndugu ya Emily. Saa hii Nyamongo ako na watoto, wanasoma. Niende nimwambie arudishe nini? Arudishe watoto?"

Hakungoja jibu. Aliwapikia obokima, ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga, akamlazimisha Zakia kushika tonge ingawa Zakia hakulila, na walipoagana aliwapa mkungu wa ndizi wampelekee Emily.

"Mwambie avumilie," alisema akiwa amesimama kwenye majani chai. Walipokuwa wamefika njiani akawaita tena. "Phanice! Mwambie asilale upande ya ukuta. Alale upande ya mlango."

Phanice aliufikisha ujumbe pamoja na ndizi. Emily alisema upande huo tayari ni wake.

Katikati ya wiki Haron alikuja studioni mwenyewe, amevaa tai. Kanisa lilikuwa likitengeneza kalenda yenye picha za wazee wake wote.

"Bwana asifiwe, Mama Purity." Alimshika mkono kwa mikono miwili, akageuka na kumshika Zakia vivyo hivyo. "Nasikia mlifika Kebirigo kumsalimia mama mkwe. Mlifanya vizuri sana. Wazee wanataka kutembelewa."

Phanice alisema ndiyo, wanataka. Akamwonyesha kiti.

Haron alikaa kitini. Aliweka bega mbele bila kuambiwa, akashusha kidevu, akaweka usoni lile tabasamu ambalo Keumbu nzima inalijua, la mtu ambaye amesikia shida yako na atalala akiiombea. Phanice alipiga. Haron akasimama, na Haron akabaki amekaa.

Yule aliyesimama alimtazama aliyekaa kwa kitambo. Hakushtuka. Aliupapasa uso wake mwenyewe, kama mtu aliyefika ofisini akakumbuka ameacha miwani nyumbani. Usoni mwake hapakuwa na ubaya wowote. Ulikuwa uso tu, wa mtu aliyechoka na asiyetaka kusemeshwa.

"Huyu atakaa wapi?" aliuliza.

"Hukaa hapa hapa."

"Sawa." Alichukua kofia yake, akashuka ngazi, akavuka barabara bila kumsalimia mtu. Waliokutana naye walidhani anaumwa na jino.

Aliyebaki kitini alitabasamu. "Karibuni," alisema. "Mungu awabariki."

Alikuwa mtu wa manufaa. Aliwasaidia wateja wa chini kubeba mifuko ya mbolea, akawazuru wagonjwa, akashika jembe penye makaburi, na kwa kuwa hakula wala kulala, alipatikana wakati wowote. Watu walizoea kumtafuta kwa Phanice. Baada ya muda wazee wa kanisa waliketi kulijadili jambo hilo, na mchungaji akasema amesoma mwongozo wa kanisa kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuona mahali panapokataza. Basi yule wa studioni akapewa kuongoza maombi na kwaya, na ikasemwa kwamba yule mwingine anapumzika nyumbani, na kwamba anastahili kupumzika, amewatumikia watu sana.

Phanice alipoona jinsi watu walivyomkubali, wazo likamjia, akashangaa kwa nini lilichelewa. Alasiri moja alimchukua Haron wa studioni, akatembea naye hadi nyumbani kwa Emily, akampitisha langoni, akamfikisha mlangoni. Yule mwingine alikuwa ameenda shambani.

"Ingia," Phanice alimwambia. "Ni kwako."

"Hamjambo hapa? Mungu awabariki," Haron alisema. Aliinua mguu kuvuka kizingiti. Mguu ulifika juu ya kizingiti, ukasita, ukarudi chini. Alijaribu tena, kwa unyenyekevu ule ule, na tena ukarudi.

Emily alitoka jikoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta mpya, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitambaa cha sare ya shule. Alimtazama yule mtu mlangoni, tabasamu na yote.

"Mrudishe tu, Mama Purity," alisema. "Huyu namjua. Hajawahi kuishi hapa."

Walirudi kwa njia ya sokoni. Haron aliwasalimia watu njia nzima, na Phanice alitembea hatua chache mbele yake ili Haron asimtazame usoni.

Kwa sababu ya plasta Emily hakuweza kucheza wiki ile, na kikundi kilikuwa kimeahidi shule ya wasichana upande wa Nyamira. Duke alikuja mbio studioni kumwomba Zakia asimame mahali pake. Zakia alifurahi sana. Ndilo jambo aliloumbiwa. Alijua kila neno, na si maneno yake tu bali ya kila mtu, hata maelekezo ya taa. Duke alimpaka rangi za Kisii, zambarau na kijani, akizilinganisha na ile picha ya Emily aliyoibandika kwenye kioo.

Phanice alikwenda kutazama. Zakia alicheza bila kosa lolote. Onyesho la pili lilipofika, karani akamwinulia mkono, Zakia akaanguka, akainua uso kwa watazamaji. Kwenye viti pakapita mnong'ono. Msichana mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa sweta.

"Inaonekana ni ya kupaka," mwenzake alisema, si kwa sauti ya chini.

Mwalimu wa Kiswahili alimvuta Duke pembeni baadaye. Alimshukuru, akasema mchezo ulikuwa mzuri, lakini wenzao wa shule jirani walikuwa wamemsifu sana yule mwigizaji mwingine. "Yule wa kwanza wanasema alikuwa wa kweli zaidi. Mtuletee yule, wasichana wapate kuelewa dhamira."

Walipofika Keumbu Zakia aliuliza, "Mama, nimekosea wapi? Mimi ndiye Zakia."

"Hujakosea mahali," Phanice alimwambia. Alichukua ile pamba na yale mafuta, akamfuta uso. Rangi ilitoka yote kwa mfuto mmoja, ikaacha pamba chafu.

Mkono wa Emily ulipopona alirudi jukwaani, na ukumbi ukalia kama zamani. Mwisho wa msimu palikuwa na mashindano mjini Kisii. Mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyetoka mbali na aliyezungumza polepole, alisema kwamba katika miaka yake yote ya kuamua hajaona mwigizaji aliyejipaka kwa uaminifu kama huo, bila kutia chumvi, kila rangi ya jeraha ikiwa mahali pake kwa umri wake. Kikundi cha Duke kilipata nafasi ya pili. Emily alipewa ngao ya mapodozi bora. Haron wa studioni alikuwa mstari wa mbele na kwaya, na mwamuzi alipouliza kama mume wa mshindi yupo, watu walimsukuma apande jukwaani. Alimshika Emily mkono kwa mikono miwili, akaomba sala fupi nzuri. Duke alipiga makofi hadi mwisho. Hakumkalisha Haron yeyote chini, si siku ile wala baadaye, kwa sababu tayari tamthilia ya mwaka mpya ilikuwa imetangazwa.

Zakia naye alipiga makofi, amekaa kando ya Phanice. "Amenisamehea vizuri yule karani," alisema. "Kunishinda." Watu waliposimama kutoka, Phanice aliinama kuokota mkoba wake, na alipoinuka kiti cha jirani kilikuwa kimejikunja. Hakumtafuta. Haron wa studioni alibaki, kwa kuwa hakuwa wa mchezo wowote, na msimu wake haujaisha hadi leo.

Jumatatu Emily alikuja na ngao yake kupigwa picha. Haron wa nyumbani ndiye aliyemtuma. Alitaka iwekwe ukutani. Emily alivaa nguo zake mwenyewe, sketi ya bluu na sweta. Kwenye taya palikuwa na alama mpya, bado nyekundu.

"Nikupake poda kidogo?" Phanice aliuliza. "Haitaonekana."

"Usinipake. Piga hivi."

Alikaa. Hakuweka bega mbele. Aliitazama kamera yenyewe, si kitu kilicho mbali kidogo nayo, na Phanice, ambaye tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba mtu hapigwi picha hivyo, hakumrekebisha. Alipiga mara moja tu. Emily akasimama, akasogea kando, na wote wawili wakangoja. Mto wa kiti ulikuwa na bonde pale alipokuwa amekaa, na bonde lile likawa linajaa polepole, hadi mto ukawa sawa.

"Hakuna?" Emily aliuliza.

"Hakuna."

"Basi hiyo ni yangu."

Phanice aliichapisha kubwa, kwenye karatasi nzuri aliyokuwa akiiweka kwa maharusi. Haron aliitia fremu. Imetundikwa sebuleni kwao, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, kati ya saa na kalenda ya wazee wa kanisa. Sabato mchana, wageni wakitoka kanisani, yule wa studioni huwapokea langoni na kuwabariki, na yule mwingine huwangoja ndani. Wakishakaa huinua macho ukutani. Wanasema yule mama kweli alistahili ile ngao. Wanasema ukiitazama taya hiyo huwezi kujua kwamba si kweli. Haron huitikia kwa kichwa, na Emily hutoka jikoni na jagi la maji ya moto na karai, akawanawisha mikono mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao.